Neno la Mstari wa Tatu

Mimi nachapa viapo, na anayetaka kunicheka kwa hilo anicheke akiwa mbali. Kibaraza chetu kinatazamana na ofisi za halmashauri, katikati ya duka la vitabu vikuukuu na ngazi za kwenda kwa wakili. Mtu akipoteza kitambulisho, akibadili jina, akitaka kuthibitisha kwamba mtoto ni wake, anakuja kwangu. Ananieleza kwa Kiswahili, namchapia kwa Kiingereza, anapanda ngazi, wakili anagonga muhuri bila hata kuvua miwani yake ya jua, na mtu keshaapa. Vidole vyangu ni vyeusi kwa karatasi ya kaboni ya kunakilia tangu nina miaka kumi na tisa, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Bi Kaboni. Sijali, wapo wanaoitwa mabaya zaidi.

Kila kiapo kinatoka kwenye karatasi mama. Baba yangu ndiye aliyeitunga, kabla mimi sijazaliwa, na mistari yake ya juu haiguswi. Kwanza jina, pili makazi, na wa tatu ndio uliotupatia wateja. Wachapaji wengine waliandika tu kwamba fulani anasema. Baba aliandika "I do solemnly asseverate", na watu walilipenda hilo neno la mwisho sijui kwa nini. Maana yake hawakuijua, na mimi sikuijua, ila lilikuwa refu na lilijaza mdomo. Mama mmoja alikuja kuapia cheti cha shule kilichotafunwa na panya, akaniambia nisisahau kuweka lile neno letu, wasije wakamdharau huko aendako. Nikaliweka, na panya wale wakaapiwa kwa Kiingereza kizito.

Baba alikuwa na sheria nyingine. Kiapo hakina "nafikiri". Mteja akisema nafikiri, labda, kama sikosei, hayo unayaacha kwenye daftari, hayapandi kwenye mashine ya taipu. Karatasi yenye labda hurudishwa, alisema, na mteja akirudishwa anahamia kwa mchapaji mwingine. Kwa hiyo nilikuwa na daftari la kuandikia maneno ya mtu kama alivyoyatamka, kisha nikayachuja. Miaka ishirini na mbili nimechuja, na nilijiona fundi.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana. Baba alikuwa kwenye kiti chake nyuma yangu, anafuta saa yake kwa kitambaa. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona vivuli tu, lakini saa lazima iende sawa, na zamani aliisahihisha kila asubuhi kwa filimbi ya boila ya kiwanda cha magodoro. Ikilia saa moja kamili, mtaa wote unaisikia. Wiki tatu ilikuwa haijalia, na Baba alikuwa analalamika kama kaibiwa kitu.

Akaja mfagiaji wa kiwanda hicho hicho. Tunamwita Mama Ndoo kwa sababu anatembea na ndoo yake mwenyewe, za kampuni haziamini. Aliketi kwenye stuli ya wateja bila salamu, yeye ambaye salamu zake humaliza robo saa. Nikajua kuna jambo.

Mambo yenyewe nilikuwa nayajua nusu. Wiki tatu zilizopita stoo ya sponji iliwaka moto, na mfanyakazi mmoja akaungua mikono yote miwili. Mtu alikuwa amevuta sigara humo ndani. Uongozi ulimtafuta mtu huyo kwa udi na uvumba, na Mama Ndoo aliposema kwenye korido kwamba alimwona mtu akiingia, wakamtuma kwangu akaapishwe. Nilimchapia. Karatasi ilimtaja fundi wa boila, ambaye kila mtu anamwita Fundi Mvuke. Akasimamishwa kazi siku ile ile, na boila ikazimwa.

Sasa, akasema Mama Ndoo, kamati inakaa leo saa nane. Wakimkuta na hatia wanamfukuza kazi na kumkabidhi polisi, na kumuunguza mtu ni kwenda jela. Jana afisa utumishi alimwita, akamsomea karatasi yake kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Akamwonya kwamba akibadilisha hata nukta moja mbele ya kamati, basi aliapa uongo, na yeye ndiye atakayefukuzwa. Nyumbani kwake kuna watoto watatu wa marehemu dada yake. Alinieleza haya yote akitazama ndoo, si mimi.

"Amenisomea kwamba natamka kwa uzito wangu wote kuwa nilimwona Fundi Mvuke," akasema. "Bi Kaboni, mimi niliona mgongo. Nilikwambia hivyo au sikukwambia?"

Nitasema ukweli, nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Ulisaini." Mtu akikosea ndipo ulimi wake unapokuwa mkali, na wangu hauhitaji kusaidiwa.

Akasema alisaini kwa sababu nilimwonyesha mahali nikamwambia saini hapa. Kisha akanyanyuka, akachukua ndoo yake. Basi atasema kama karatasi inavyosema, akaniambia, kwa sababu yeye afanyeje, na watoto watakula nini. Hakuniambia kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Akashuka barazani akaenda zake.

Nikafungua daftari. Nilishajua nitakuta nini. Maneno yake yalikuwa pale kwa mwandiko wangu: "Niliona mtu kwa mgongo, ovaroli ya bluu, anaingia stoo. Nafikiri alikuwa Fundi Mvuke, sina hakika." Neno "nafikiri" nilikuwa nimelikata kwa wino. Na "sina hakika" pia. Niliyakata kwa mstari ulionyooka kabisa wa rula.

Nikatoka nikaingia duka la vitabu. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, amestaafu kazi lakini kusahihisha watu hajastaafu. Nikamuuliza neno lile maana yake nini. Akavua miwani, akaifuta, akaniambia amesubiri miaka kumi na moja nije kumuuliza. Viapo vyangu amevisoma vingi, akasema, maana wateja wangu hununua bahasha kwake, na hilo neno nalitia kila mahali kama chumvi.

Akafungua kamusi nene isiyo na jalada. Maana yake, akasema, ni kutamka jambo kwa mkazo na uzito wote, kama mtu anayejiweka rehani mwenyewe. Si kusema tu, wala si kudai tu. Matumizi yake ni machache. Hakuna anayelitumia nyumbani kusema chai imepoa. Utalikuta mahakamani na kwenye vitabu vya zamani, kinywani mwa mtu anayetiliwa shaka. Na asili yake ni Kilatini, kwenye neno "severus", yaani mkali, mzito, asiye na mzaha, na humo humo Waingereza wamepata neno lao la ukali, "severe".

"Ni neno la mtu ambaye hana kingine cha kuweka mezani ila nafsi yake," mwalimu akasema. "Nilidhani unajua."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema sikumuuliza. Nilitoka bila kumshukuru, ingawa hakuwa amenikosea chochote.

Baba alikuwa amesikia yote, kwa sababu ukuta wa duka ni mbao na masikio yake yamechukua kazi ya macho. Aliniuliza nakwenda wapi na daftari. Nikamwambia kiwandani. Akaniambia nisithubutu. Nikitoa lile daftari mbele ya watu, wakili atatukana, viapo vyote vya kibaraza hiki vitatiliwa shaka, na jina alilolijenga miaka arobaini na kitu nitalizika mchana mmoja. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nimezoea baba anayefoka, sikujua la kufanya na huyu.

Nikamuuliza kama yeye alijua maana ya lile neno alipoliweka. Akachezea saa yake. Alikuwa tarishi, akasema, akaliona kwenye barua ya bosi mmoja, akalinakili kwenye kiganja kwa kalamu. Alimuuliza bosi maana yake, bosi akacheka, akamwambia hilo si la tarishi. Ndipo akaapa kwamba atalitumia kila siku ya maisha yake, na atawapa hilo neno watu wote ambao wangenyimwa.

Nilimhurumia mno baba yangu. Moyo wangu ulitaka kukaa chini na kumshika mkono. Lakini saa ya ukutani ilikuwa saa saba na nusu, na kuna mtu alikuwa anakwenda jela kwa rula yangu. Nikachukua daftari, karatasi mama na jalada la nakala, nikaondoka. Baba hakuniaga.

Nilikwenda kwa miguu, mbio nusu, jua utosini. Mlinzi wa getini nilimwambia naleta nyaraka za kamati, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilikuwa sijachuja kitu. Polisi wawili walikuwa wameketi kwenye benchi kivulini, kofia mapajani, wanasubiri.

Chumba cha mkutano kilikuwa kimejaa magodoro yaliyosimamishwa ukutani na plastiki zake. Meza ndefu, watu watatu nyuma yake, afisa utumishi katikati. Fundi Mvuke alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mtu wa miaka thelathini na kitu, mikono juu ya magoti, ovaroli yake imepigwa pasi. Hilo la pasi lilinikata maini. Mama Ndoo alikuwa amesimama, bila ndoo yake, na hakujua aiweke wapi mikono.

Nilisimama mlangoni. Afisa alikuwa anasoma mstari wa tatu. Alilisoma lile neno polepole, akalieleza kwa Kiswahili safi, akasema si neno la mchezo, mtu halitamki hivi hivi. Kumbe alikuwa analijua siku zote, na mimi ndiye niliyekuwa namchapia.

Kisha akamtazama Mama Ndoo. "Unasimama na kiapo chako?"

Mama Ndoo akavuta pumzi. Niliona mdomo wake unafunguka, na nilijua jibu litakalotoka ni la watoto watatu.

"Hilo neno ni langu," nikasema.

Wote wakageuka. Afisa akaniuliza mimi nani na nimeingiaje. Nikajitambulisha kwa jina la mtaani, maana lile ndilo wanalolijua, na nikaenda hadi mezani kabla hajaita mlinzi. Nikaweka karatasi mama. Juu yake nikapanga nakala moja moja: cheti cha panya, kitambulisho kilichoanguka chooni, bwana aliyebadili jina mara mbili. Nikawaambia wasome mstari wa tatu. Neno lile lile, mahali pale pale, karatasi baada ya karatasi. Nikasema huyu mama hakuwahi kulitamka wala hakuulizwa kama analitaka.

Mjumbe mmoja akatabasamu kwa ajili ya panya. Afisa hakutabasamu. Akaniuliza kama naiambia kamati kwamba viapo vyote vya kibaraza changu ni uongo.

Nikamjibu kwamba katika hivyo vingine nimeongeza mbwembwe, lakini katika hiki nilifanya zaidi, nilipunguza. Nikafungua daftari nikamwonyesha mistari miwili ya wino, na nikasoma kilichokuwa chini yake kwa sauti. Nilipofika kwenye "sina hakika" sauti iliniishia, ikabidi nirudie.

Afisa akampigia simu wakili hapo hapo. Tulimsikia wakili anavyofoka hadi mwisho wa meza, kwamba karatasi ya kibaraza kile haitagongwa muhuri wake tena. Nilimfikiria Baba.

Ndipo Fundi Mvuke akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Alisimama, akageuka, akatazama magodoro na kutupa mgongo. Ovaroli ya bluu, mabega mawili, shingo. Kiwandani humo kuna wanaume ishirini na watatu wenye ovaroli kama ile.

"Mama," akasema akiwa ametazama ukuta, "ni huu?"

Mama Ndoo alimtazama muda mrefu sana. Feni ilikuwa inalialia juu yetu. Machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Naona mgongo tu."

Afisa akakusanya karatasi zake. Si mtu mbaya, ila ni mtu wa mafaili. Akasema kiapo cha shahidi kimeanguka na hataadhibiwa, kwa kuwa kosa si lake. Lakini faili bado lina mtu mmoja anayetajwa, na mtu huyo hajaleta neno lake kwa maandishi. Wiki tatu aliombwa aandike, akawa anajibu kwa mdomo tu kwamba hakuwa yeye. Faili linafungwa saa kumi na moja jioni. Likifungwa bila kiapo chake, linakwenda kwa wale polisi kama lilivyo.

Nilimuuliza Fundi Mvuke njiani kwa nini hakuandika. Akasema aliogopa. Koridoni Mama Ndoo alisema ni mtu tu, karatasi ikasema ni yeye, na hakutaka kumpa mtu maneno yake ayapike. Nikaongeza mwendo.

Tulifika kibarazani saa kumi na dakika tano. Wakili alikuwa ameshuka chini, kitu ambacho sijawahi kukiona, amesimama kando ya mashine yangu na miwani ya jua mkononi. Macho yake ni madogo kuliko nilivyodhani. Akaniambia kwa mkato kwamba atagonga hii moja, maana ile ya Mama Ndoo aligonga bila kusoma, na kwamba safari hii atasimama hapo hadi neno la mwisho. Baba alikuwa kwenye kiti chake, hajasogea.

Nikaingiza karatasi, nikaketi, na vidole vikanigomea. Viliruka, herufi tatu zikagandana. Nikachana. Nikaingiza nyingine, zikagandana tena. Saa ya ukutani ilikuwa inasonga. Nilitaka kulia kwa hasira.

"Inuka," Baba akasema.

Alikuja kwa kupapasa ukingo wa meza. Miaka sita hakuwa amegusa ile mashine. Akaketi, akaingiza karatasi kwa mkono, akapitisha vidole juu ya herufi mpaka akazipata. Kisha akainua uso kuelekea mahali Fundi Mvuke aliposimama, akakosea kidogo, akawa anamtazama wakili.

"Unajua au unafikiri?" akauliza.

Sijawahi kumsikia akimuuliza hivyo mtu yeyote. Fundi Mvuke naye hakuharakisha.

"Najua," akasema. "Nilikuwa chini ya boila, nafunga valvu. Stoo sikuingia siku hiyo, na sigara sijavuta maisha yangu."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Nilikuwa peke yangu."

Vidole vya Baba vilikuwa vimekaa juu ya mashine bila kubonyeza. Akaniuliza mimi, bila kugeuka, mwalimu alisema lile neno ni la nani. Nikamwambia, la mtu ambaye hana kingine cha kuweka mezani.

Akachapa. Polepole, kidole kwa kidole. Mstari wa kwanza, mstari wa pili. Alipofika wa tatu alianza kuzitaja herufi kwa sauti, moja baada ya nyingine, na wakili akawa anazifuatilia kwa midomo. Hakukosea hata moja. Na alipomaliza yote hakusema saini hapa. Aliniambia nimsomee mteja karatasi yake kwa Kiswahili, yote, asiachwe nyuma.

Nikasoma. Nilipofika mstari wa tatu nilisema kwamba natamka kwa uzito wangu wote, nikiwa sina shahidi ila mimi mwenyewe. Fundi Mvuke alisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema, hivyo hivyo, ndivyo nilivyosema, akasaini. Wakili akagonga muhuri kwa mkono wake palepale mezani, na akapanda ngazi zake bila kutuaga.

Karatasi iliingia kwa afisa saa kumi na moja kasoro dakika nane. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama lile neno safari hii nimeliongeza mimi. Nikamwambia hapana, safari hii ni la kwake. Akaifungia ndani ya faili, akatoka nje, akawaambia wale polisi waende tu.

Ijumaa hakuja mteja hata mmoja, na Jumamosi pia. Habari zilikuwa zimeenea, kama Baba alivyosema. Alikaa nyuma yangu anafuta saa yake, hakunilaumu, na hakuniambia kwamba nilifanya vizuri. Karatasi mama tuliikunja tukaiweka chini ya droo. Jumapili nilipika, tukala, tukaongea mambo ya bei ya mkaa.

Jumatatu tulifungua mapema kwa mazoea tu. Nilikuwa naondoa vumbi kwenye mashine nilipoisikia filimbi ya boila, ndefu, ikapita juu ya mabati na kushuka mtaani. Baba akainua kichwa. Akashika saa yake karibu na jicho, ingawa haoni, akazungusha kile kitufe cha pembeni mpaka kikakaa sawa.

"Huyo," akasema.